Mkalimani na Fundi wa Miguu

Saa mbili asubuhi lifti ya hospitali ile haikuwa na mkubwa wala mdogo. Wauguzi, wasukuma vitanda, wagonjwa walioshika dripu zao kama watu wanaotembeza mbuzi, ndugu waliobeba vikapu, wote walijazana humo kifua kwa mgongo, kila mmoja ameinua kidevu kutafuta hewa yake. Mkalimani alikuwa amebanwa kwenye kona, amekumbatia faili. Alivaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu iliyonyooshwa kwa pasi hata mikunjo yake ilikuwa kama kisu. Milango ilipokaribia kufungwa, ukaingia mguu.

Mguu kweli, wa bandia, wenye soksi na kiatu cheusi cha kamba, umetangulizwa kuzuia mlango. Nyuma yake akafuata mwenyewe, mwanamume mrefu mwenye aproni iliyotapakaa unga wa plasta. Kengele ya uzito ikalia. Watu wote wakamkodolea macho. Naye akautazama ule mguu, akauambia kwa Kiswahili, kwa upole, kama anambembeleza mtoto:

"Umeona? Shuka wewe basi, mimi nimechelewa."

Mkalimani akacheka kabla hajajizuia. Yule mwanamume akageuka, macho yanaruka kutoka uso hadi uso.

"Nani hapo amecheka Kiswahili?"

"Kwani kicheko nacho kina lugha?"

"Kina lugha na kina mtaa. Hicho chako kimetoka nyumbani moja kwa moja, hakijapita hata forodhani."

Kengele ilizidi kulia, na muuguzi mmoja akaanza kufoka. Mwanamume akarudi nyuma na mguu wake. Mkalimani hakujua ni nini kilichomtoa na yeye, maana mgonjwa wake wa kwanza alikuwa anamsubiri ghorofa ya saba. Milango ikafungwa, wakabaki wawili na mguu mmoja.

"Ngazi zile kule," alisema yule mwanamume. "Mimi Fundi. Natengeneza miguu chini, kwenye karakana. Huyu mwenzetu anakwenda wodi ya saba."

"Mimi mkalimani. Nami nakwenda ya saba."

Wakapanda. Walipofika ghorofa ya tatu Mkalimani alijiandaa kwa lile swali ambalo kila mtu wa mji ule humwuliza: unatoka wapi? Fundi hakuuliza.

"Una miaka mingapi huku?"

"Tisa. Wewe?"

"Kumi na nne. Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi jembe nililipokea, dada yangu. Nimelima miaka kumi na nne, na mwenye duka pale chini bado ananiuliza naondoka lini."

"Unamjibu nini?"

"Namwambia nikimaliza palizi."

Walifika juu wanahema na kucheka, na mgonjwa wa Mkalimani akamwambia kwamba leo ana uso wa sikukuu.

Wagonjwa wa nyumbani walikuwa wakivuka bahari kuja mji huu wa Asia kutengenezewa mioyo, figo na viuno, na Mkalimani ndiye aliyesimama kati yao na madaktari. Kazi yake ilikuwa kusema "mimi" kwa niaba ya wengine. Mgonjwa akisema "naogopa", naye alisema "naogopa". Daktari akisema "nitakupasua kesho", naye alisema hivyo hivyo, bila kupunguza wala kupamba. Kila kilichosemwa chumbani lazima kitafsiriwe, na kila kilichosemwa chumbani kinabaki chumbani. Ndugu wa mgonjwa hawakuruhusiwa kutafsiri hata kama wanaijua lugha, kwa sababu ndugu hupenda kuficha habari mbaya. Siku ikiisha, akirudi chumbani kwake ghorofa ya kumi na moja, penye kitanda, meza na birika, Mkalimani alikuwa amesema "mimi" mara mia nne, na hata moja haikuwa yake.

Siku mbili baadaye simu yake ikaita.

"Haloo, Bi Mkalimani."

"Nani? Na namba yangu umeipata wapi?"

"Fundi. Mgonjwa wako wa kiuno kanipa. Kasema ukinikatia nimwambie, atakuja kukusema."

"Haya, nimekusikia. Unataka nini?"

"Mkono."

"Nini?"

"Mkono wako. Wa kulia au wa kushoto, sichagui. Uje nao karakana saa sita na nusu."

"Wenzio huanza kwa kuomba kahawa. Wewe unaanza na kiungo?"

"Mimi ni fundi, bibiye. Kila mtu huomba kwa kazi yake."

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kuona karakana tu, lakini alipita msalani kwanza akapaka mafuta ya midomo. Karakana ilikuwa chini ya ardhi, inanuka gundi na mbao mpya. Ukutani zilitundikwa nyayo za bandia, jozi kwa jozi, zote zimefanana kama mishumaa.

"Kiwanda kinatoa rangi tatu," Fundi alisema. "Nyeupe, nyeupe kidogo, na nyeupe iliyoanikwa juani. Mwaka juzi nilimvalisha mama mmoja wa nyumbani. Akatembea vizuri, akanishukuru. Halafu akaniambia, 'Lakini baba, nikikaa naona kama nimekaa na mtu mwingine.' Sikulala. Tangu hapo wa kwetu nawachanganyia rangi mwenyewe."

"Na mkono wangu unaingia wapi?"

"Kuna binti anavalishwa Jumatatu. Mkifuatana mtu atasema mmetoka tumbo moja. Huu wangu haufai, mimi ni chungu cha jikoni. Kunja mkono wa blauzi."

Akaukunja. Fundi akachanganya rangi kwenye kisahani, tone kwa tone, akampaka mstari mmoja chini ya kiwiko. Brashi ilikuwa baridi.

"Tulia. Ukicheka unanichanganya."

"Unanitekenya."

"Brashi inakutekenya. Mimi nipo kazini." Akainama karibu, akatikisa kichwa, akaufuta mstari, akaongeza tone jekundu. "Wewe si kahawia tu, unajua? Ndani kuna wekundu. Kama ngozi ya karanga iliyokaangwa."

Mstari wa nne ulipokauka, haukuonekana. Fundi aliutafuta kwa kidole, polepole. Kwa miaka tisa hakuna aliyeitazama ngozi yake kwa muda mrefu vile bila kumwuliza swali.

"Umepotea," Fundi alisema taratibu, akimaanisha mstari.

"Nimepotea," Mkalimani akajibu, naye hakumaanisha mstari.

Basi mapenzi yakashika kama moto wa mabua, ila haya hayakuzimika. Simu zilianza asubuhi ("Umeamka, ulimi wangu?" "Nimeamka, chungu changu.") na mchana walikula pamoja kati ya miguu, Mkalimani amekaa juu ya debe la plasta na leso mapajani kulinda sketi. Jumapili walitembea mjini bila haraka, Fundi katika shati lake la kijani lililofuliwa mpaka likalainika, wakibishana kwa sauti kubwa, kwa raha ya kujua kwamba barabara nzima hakuna anayewaelewa.

Mwezi wa saba Fundi akahamia nyumba ya vyumba viwili. Mama yake alikuwa anaumwa tumbo, naye alikuwa amemshawishi aje atibiwe na abaki. Akanunua kitanda cha mbao. Akanunua zulia. Kila siku alikuwa na habari mpya ya kile chumba cha pili.

"Dirisha linatazama mashariki," alimwambia Mkalimani. "Mama hupenda kuota jua la asubuhi. Nyumbani ni pale alipo mama, sivyo? Basi akilala pale, nami nimefika. Yule mwenye duka akiniuliza tena naondoka lini, nitamwambia mama yangu yuko ndani, muulize yeye."

Mama alifika na mkoba mmoja na kilemba cha zambarau. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Akamtazama Mkalimani kuanzia viatu.

"Huyu ndiye ile sauti ya kwenye simu?"

"Ndiye, Mama," alisema Fundi, uso umemwiva.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwembamba. Lakini sauti imeshiba."

Vipimo vilichukua wiki moja. Siku ya majibu, tarehe tisa, Fundi alitaka kuingia chumba cha daktari. Mama akamzuia mlangoni kwa kidole kimoja.

"Habari za tumbo la uzazi hazisikilizwi na aliyetoka humo. Kaa hapo."

Wakaingia wawili. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Alieleza bila kuzunguka, na Mkalimani akatafsiri bila kuzunguka: uvimbe umeshatoka kwenye mji wa mimba na kushika ini. Naweza kukupasua. Utalala hapa miezi mingi. Huenda utapata miezi kadhaa zaidi, na huenda usitoke kitandani.

Mama alichezea kamba ya mkoba wake.

"Mwambie sikatwi," alisema. "Nataka kurudi nyumbani ningali natembea kwa miguu yangu. Baada ya wiki tatu nipande ndege. Na mwanangu asijue mpaka nimwambie mwenyewe."

Mkalimani akageuka kwa daktari. "Sitaki kupasuliwa," alisema kwa lugha ya huku. "Mwanangu asijue mpaka nimwambie mwenyewe."

Daktari akaandika fomu. Mama akaweka sahihi, na chini yake Mkalimani akaweka yake, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

"Kaninunulia kitanda," Mama alisema kama anayejitetea. "Miaka kumi na nne nimemjua mwanangu kwa simu tu. Wiki hii nimemsikia akicheka bafuni. Mwache afaidi kidogo. Unanisikia, binti yangu? Nakuomba."

Walipotoka, Fundi aliruka kutoka kwenye benchi. "Wamesemaje?"

Mkalimani akalikumbatia faili. "Muulize Mama."

"Wamesema nitakunywa dawa," Mama alisema. "Twende, nina njaa."

Siku zilizofuata zilikuwa za utamu wenye mwiba. Fundi hakuwa na hili wala lile. Alipanda kiti na futi yake kupima dirisha la mashariki, akauliza, "Mpenzi, pazia la njano au la kijani?" na Mkalimani akasema, "Tusubiri kidogo." Mkalimani alipobaki na Mama jikoni, alipiga magoti kabisa. "Mama, mwambie." Mama akamshika shavu. "Kesho, mwanangu." Kesho ikazaa kesho.

Tarehe ishirini, saa ya mapumziko ya mchana, simu ya Mkalimani iliita akiwa kwenye ngazi.

"Chungu changu! Nakuja, nimebakiza mgonjwa..."

"Tarehe tisa." Sauti ya Fundi ilikuwa kavu. "Nilikwenda dirisha la mapokezi kuuliza Mama anarudi lini kwa daktari. Wakanipa faili, si mimi mfanyakazi wa humu. Kumbe Mama amekataa upasuaji, kumbe anaondoka. Na chini kuna sahihi yako. Tarehe tisa. Leo ni ishirini."

Mkalimani akashika ukuta.

"Siku kumi na moja umekaa mezani kwangu," Fundi aliendelea. "Umeniona nimepanda kiti napima pazia kama zuzu."

"Haikuwa siri yangu, mpenzi."

"Mama ni wangu!"

"Na siri ni yake."

"Mtu wa kwetu angenidokeza. Hata kwa kukohoa! Lakini wewe umekuwa wa huku. Wamekupa sheria yao ukaivaa kama ngozi."

"Usiniambie hivyo. Niambie lolote, hilo usiniambie."

"Basi jibu. Wewe, si Mama, si daktari. Nilipokuwa juu ya kile kiti, wewe ulikuwa unatazama nini?"

Akafungua mdomo. Yeye aliyekula na kulala kwa maneno, aliyewasemea mamia ya watu, hakupata hata moja. Upande wa pili simu ikakatwa.

Fundi hakupiga tena. Naye Mkalimani alipopiga, iliita mpaka ikachoka. Jumapili alikaa kitandani na nywele hazijachanwa, akampigia dada yake mkubwa nyumbani, akamweleza yote.

"Wewe nawe!" dada aling'aka. "Si ungemwambia tu? Mimi ningemwambia kabla sijafunga mlango."

"Na yule mama, dada?"

"Yule mama angenichukia, ndiyo. Angenichukia, halafu..."

"Angekuchukia kwa miezi mingapi? Anayo mingapi ya kuchukia?"

Upande wa dada mtoto alikuwa analia, kisha akabembelezwa.

"Mdogo wangu," dada alisema kwa sauti nyingine, "hapo ulisikiliza sheria, au ulimsikiliza mama mtu mzima?"

Mkalimani alikaa na swali hilo siku nzima, mpaka birika lilipokauka juu ya moto.

Siku tatu kabla ya safari, Mama alikuwa na miadi ya mwisho, ya kupewa dawa za maumivu za njiani. Mkalimani aliomba mwenzake amshikie zamu. Jibu likarudi kutoka kwa mgonjwa mwenyewe: namtaka yule yule. Akaenda, amevaa gauni la kijivu lililofungwa hadi shingoni kama ngao.

Safari hii Mama alikuwa ameingia na mwanawe. Fundi alisimama ukutani, amekonda, anatazama sakafu. Daktari alieleza vidonge vya asubuhi na vya jioni, na Mkalimani akatafsiri bila kumtazama mtu.

"Mwambie daktari namshukuru," alisema Mama. "Na mwambie nina langu na mwanangu, na nitalisemea hapa hapa, maana nyumbani ananikimbia."

Mkalimani akatafsiri. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mwanangu," Mama alianza, na Mkalimani akafuata nyuma yake kwa lugha ya huku, neno kwa neno. "Umemgombeza mtoto wa watu kwa kosa langu. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Siku zote zile alikuwa ananipigia magoti jikoni, Mama mwambie, Mama mwambie. Mimi nikasema kesho. Nilitaka kukuona ukicheka. Nilikuwa mchoyo, unisamehe."

Fundi akainua kichwa. "Alikupigia magoti?"

"Magoti yote mawili, na sakafu ile ilivyo baridi."

Daktari alimtazama Mkalimani, anasubiri, na Mkalimani akalazimika kuitafsiri hata ile baridi ya sakafu.

"Mimi nilimwambia amekuwa wa huku," Fundi alisema, sasa anamtazama yeye. "Nilikuwa natafuta neno la kuumiza, nikachukua lile linaloniumiza mimi. Nilikosea. Naomba anisamehe."

"Nilikosea," Mkalimani alimwambia daktari, akajisikia anajiomba msamaha kwa mdomo wake mwenyewe. "Naomba anisamehe."

"Nampeleka Mama nyumbani," Fundi aliendelea. "Nitakaa naye mpaka mwisho. Sijui nitarudi lini, wala kama nitarudi. Sina cha kukuahidi. Lakini nakuomba uwe mke wangu."

Mkalimani alitweta. Sheria ni sheria. Akageuka kwa daktari, machozi yanamlengalenga.

"Nakuomba," alisema, "uwe mke wangu."

Daktari akavua miwani, akaipangusa. Akasema jambo fupi.

"Anasemaje?" aliuliza Mama.

"Anasema ana mume."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo, akaguna kwa maumivu, akaendelea kucheka. Hata Fundi, aliyeielewa lugha tangu mwanzo, alifunika uso kwa viganja, mabega yanamtikisika. Mkalimani akaweka faili lake juu ya meza. Akaweka na kalamu.

"Uliniuliza nilikuwa natazama nini," alimwambia Fundi. "Siku ile sikuwa na jibu. Nilikuwa namtazama mtu anampimia mama yake dirisha. Na nyuma yake kuna mama anampa mwanawe siku za kucheka, moja moja. Sikuwa na haki ya kuziiba. Unasema nilivaa sheria yao? Sheria ya hospitali ningeivunja, ningefukuzwa kazi na nisijute. Mama mtu mzima aliniomba. Mimi nimelelewa, Fundi. Hapo nilikuwa wa kwetu kuliko wewe na makelele yako."

"Ndiyo," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Na ukiniita wa huku tena kwa nia ya kunichoma, nitakupiga na mguu mmojawapo wa kwenye ukuta wako."

"Uchague mweupe. Wa rangi yetu nimeutolea jasho."

"Usinichekeshe, sijamaliza. Nina likizo ya miaka tisa sijaichukua. Nyie mnaondoka Alhamisi, mimi nafuata Jumatatu. Tutafunga ndoa Mama akiwa amekaa mbele, anatuona."

"Ulimi wangu. Na baada ya hapo? Tutaishi huku au kule?"

"Nimechoka kuulizwa natoka wapi. Kuanzia leo watu waniulize nakwenda na nani."

Daktari akasogeza kiti chake mbele. Alitaka kujua: nini kimesemwa?

Mkalimani alimsikia, na hakumgeukia. Wakalimani husimama; miaka tisa alikuwa amesimama katika chumba kile, kati ya kiti cha daktari na viti vya wenye mgonjwa. Mama alimshika mkono, akamvuta chini, akamketisha kwenye kile kiti cha pili kilichokuwa wazi kando yake. Kisha akamwita mwanawe kwa kidole kimoja, naye akaja, akachuchumaa mbele yao wawili.

"Nini kimesemwa?" daktari aliuliza tena, taratibu.

Mkalimani alikuwa analia na kucheka, na hakuwa na nafasi ya kumsemea mtu.